Mkono Uliopika: Wasifu wa Marehemu Erasto Anyosisye Mwakilasa (1951–1999)

Wachungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani. Familia imenipa mimi Stella, binti wa kwanza wa marehemu, kazi ya kusoma maisha yake mbele yenu. Mama ameomba yasomwe yote, pamoja na yale ambayo wengi wenu mliyasikia kwa minong'ono tu.

Marehemu Erasto alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Talatala, wakati Kyela ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa Mzee Anyosisye Mwakilasa, ambaye yuko nasi hapa, na marehemu bibi yetu Tusekile. Alikulia kwenye mpunga na migomba. Bibi alikuwa akisimulia kwamba Erasto hakuweza kupita karibu na chungu bila kufunua kifuniko, na kwamba Babu alimfukuza jikoni mara nyingi kuliko alivyowafukuza kuku.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane, aliyomaliza mwaka 1967. Baadaye alijifunza ufundi umeme Mbeya. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ni kijana mtulivu, mwenye mikono safi.

Mwaka 1970 aliajiriwa kama fundi umeme katika Bandari ya Itungi, akihudumia karakana na taa za meli. Mwaka 1984 alihamia kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliokuwa ukijengwa milimani juu ya Kyela pamoja na wataalamu kutoka China. Huko feni ya jikoni kwa Wachina ilikuwa ikiharibika kila mara, na marehemu ndiye aliyeitwa kuitengeneza. Mpishi wao, Bwana Chen, Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana, lakini kwa ishara na kwa kumpiga kofi la mgongoni alimfundisha kwamba kila kitu hukatwa kabla moto haujawashwa, kwamba tangawizi na kitunguu saumu hutangulia kwenye mafuta, na kwamba nyama iliyokatwa nyembamba haitaki kusubiri motoni. Mama anaamini kuna siku nyingi feni ile ilikuwa nzima kabisa na Baba akaipandia ngazi vivyo hivyo. Bwana Chen aliporudi kwao mwaka 1988, alimwachia marehemu karai lake la chuma na kisu kipana cha kukatia.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Mama yetu, Keziya Mwaijande, tarehe 18 Septemba 1976, Ipinda. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama ni mtu wa safari na biashara, na hajawahi kujifanya kuwa kitu kingine. Wakati wa uchumba alimwambia Baba waziwazi kwamba ugali wake huwa na madonge na wali wake hauchambuki, naye akamjibu kwamba hamwoi kwa ajili ya tumbo.

Mwaka 1992, mashirika ya umma yalipokuwa yakipunguza wafanyakazi, jina la marehemu lilikuwamo. Alirudi nyumbani kwake Kyela mjini akiwa na miaka arobaini na moja, na hapakuwa na aliyehitaji fundi umeme kila siku. Biashara ya mpakani ndiyo ilikuwa imefunguka. Mama alivuka Kasumulu alfajiri na mchele kwenda Karonga, akarudi jioni na vitenge na sabuni. Sisi watoto tulibaki na Baba, na Baba alipika.

Mnaolima mpunga hapa mtashangaa nikisema kwamba tulipenda wali wa jana kuliko wa leo, kwa sababu wa jana aliukaanga na yai na majani ya vitunguu. Alipika kuku kwa karanga na pilipili kavu. Aliufanya mchuzi mzito kwa unga wa muhogo mpaka ukang'aa. Sosi nyeusi ya soya Mama aliileta kwa chupa kutoka Karonga, na ilipokosekana Baba aliitengeneza mwenyewe. Alichemsha maharage ya soya, akayaacha yaote ukungu, kisha akayazamisha kwenye maji ya chumvi ndani ya mtungi, juu ya banda la bata, yapigwe jua kwa miezi. Mvua ilipoanza kunguruma alikimbia kuufunika mtungi kabla hajaanua nguo. Jirani yetu Mzee Eliud alikuja kuuliza ni kitu gani kimefia pale. Baba alimwambia ni dawa ya bata, na tangu hapo Mzee Eliud akawa anaomba dawa kwa ajili ya bata wake. Wanasema walinawiri.

Siku moja mwaka 1993 Babu alifika kutoka Talatala bila taarifa, na mkungu wa ndizi begani. Alimkuta Baba amechuchumaa akipuliza jiko la pumba, kanga ya Mama kiunoni.

"Nilikuzaa nikakupa jembe," alisema Babu. "Serikali ikakupa spana. Mwiko umepewa na nani?"

"Keziya yuko Kasumulu, tata. Watoto wana njaa."

"Basi mngoje arudi."

Alitua ndizi chini, akaondoka kwenda stendi bila kunywa maji. Tangu siku ile Baba hakupika tena mlango ukiwa wazi. Alifunga na dirisha. Wote mnajua joto la Kyela kabla ya mvua. Alitoka mle ndani shati limemganda, akasimama nyuma ya nyumba mpaka likauke, ndipo akaja sebuleni kukaa kama mwanamume aliyekuwa amepumzika.

Aprili ya mwaka uliofuata Mama alirudi kutoka mpakani akiwa amelowa mvua, pamoja na mfanyabiashara mwenzake, Bi Zuena, mwenye duka la vitambaa Kyela mjini. Mezani walikuta samaki mbasa mzima aliyeivishwa kwa mvuke, juu yake tangawizi iliyokatwa kama nyuzi, amemwagiwa mafuta ya moto na ile sosi. Bi Zuena alikula mpaka akaanza kutafuta nyama ya kichwani.

"Mama Stella, nani kapika samaki huyu?"

Mama alifungua mdomo, lakini Baba alimwahi.

"Kamwandaa yeye, shemeji, kabla hajaondoka. Mimi nimepasha moto tu."

Mama alimtazama, kisha akamsogezea Bi Zuena kichwa cha samaki. Tangu jioni ile nyumba yetu iliishi ndani ya neno hilo. Bi Zuena alisimulia mjini. Wageni walianza kuja. Wenye posa, wenye kipaimara, mkaguzi kutoka Mbeya, wote walitaka chakula cha Mama Stella. Baba alipika nyuma ya mlango uliofungwa, na Mama alitoka na sinia. Baba aliketi na wanaume wenzake, akala alichopika mwenyewe, akamsikia kila mmoja akimpongeza kwa kuoa vizuri.

Babu naye alirudi, safari hii Mama akiwa nyumbani. Kwa heshima ya mkwe, kama ilivyo desturi yetu, Mama hakutokea mbele yake, na chakula kilipelekwa barazani na mdogo wangu Aliko. Babu alimaliza samaki, akamwita Baba.

"Mke huyu ana mkono," alisema. "Umheshimu."

"Ndaga, tata," alishukuru Baba, akiangalia miguu yake.

Kwa Mama mambo yalikuwa magumu vilevile. Siku za karamu hakuweza kwenda mpakani, kwa sababu mpishi hawezi kuonekana Kasumulu wakati chakula chake kinanukia Kyela. Wateja wake wa Karonga walihamia kwa wengine. Wanawake wa kanisani walimwomba awafundishe, akawa anawapiga chenga, wakamwona ana choyo na majivuno. Mwaka 1995 tulimsikia akimwambia Baba maneno ambayo amenipa ruhusa niyaseme.

"Baba Stella, umenifungia kwenye jiko ambalo sijui hata kuliwasha."

"Vumilia kidogo."

"Mpaka lini?"

Baba angesema kweli, angekuwa mwongo mbele ya mji mzima na mwanamke mbele ya baba yake. Ndivyo alivyoona yeye. Asingesema, mkewe angeendelea kuoza mle ndani pamoja naye.

Mwaka 1996 Bi Zuena alitaka kumpa Mama fremu ya duka karibu na stendi afungue mgahawa. Wakati ule kila mtu alikuwa akifungua kitu. Baba alikwenda kuiangalia peke yake, siku ambayo ilikuwa imefungwa. Mimi nilipita nikamwona amesimama dirishani, viganja amevikinga usoni, akichungulia ndani. Aliporudi alimweleza Mama mahali jiko lingekaa, na upande ambao moshi ungetokea. Kisha akasema, "Mwambie hapana." Mama alikwenda kusema hapana, na Bi Zuena alinuna kwa muda mrefu.

Tarehe 20 Agosti 1997 marehemu alianguka uani akiwa na mtungi wa sosi mikononi. Alipelekwa hospitali ya wilaya, kisha Mbeya. Kilikuwa kiharusi. Upande wake wa kulia haukurudi.

Wakati huo ilikuwa imebaki miezi miwili kabla ya harusi ya Raudha, binti wa Bi Zuena, na Mama alikuwa ameshakubali kupika. Aliitwa kwenye kikao cha akina mama. Walimuuliza safari hii atawapikia nini.

"Sitapika," alisema Mama. "Sijawahi kupika. Mkono mliokuwa mkiushukuru uko wodini Mbeya, na haufungi hata kifungo."

Baadhi walicheka wakidhani ni utani. Mama aliendelea kukaa pale, akiwaangalia mmoja mmoja, mpaka wakaacha.

Habari ilifika Talatala kabla Baba hajarudi nyumbani. Aliporudi aligeukia ukutani. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini maneno haya tuliyaelewa.

"Umenivua nguo, Keziya."

"Nimevua ya kwangu," alisema Mama. "Hiyo nyingine uliivaa mwenyewe."

Wiki nyingi hawakuzungumza. Mama alimlisha na kumwogesha. Bi Zuena ndiye aliyekuja kukaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Shemeji, miaka yote nimekula chakula chako nikamshukuru mtu mwingine. Sasa shukrani zangu nizipeleke wapi?"

"Ziache kwake," alisema Baba. "Aliyezibeba ni yeye."

Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Siku hiyo jioni walianza kusemezana tena.

Lakini msidhani kwamba kusema kweli kulimfungua. Sasa angeweza kupika mbele ya mji wote, na mkono haukuwepo. Alijaribu wa kushoto. Vitunguu vilitoka vinene kama vya kulishia mifugo, akakitupa kile kisu kipana mpaka kwenye migomba, na mdogo wangu Marta akaenda kukiokota. Siku nyingi aliomba awekwe kwenye kiti kizingitini mwa jiko, akatazama tu. Mji ulimsamehe upesi kuliko alivyotarajia. Wengi walicheka kidogo, wakauliza lini atapona awapikie. Aliyekuwa hajafika ni Babu.

Babu alikuja Julai 1998, baada ya mavuno ya mpunga. Alikaa barazani, akamwita Marta.

"Mwambie baba yako nimekuja kula samaki."

Mama alisema hawezi. Baba alisema ataweza. Tulimsogeza mpaka karibu na jiko, na kwa mdomo ule mzito akamwongoza mkewe hatua kwa hatua, lini afunike, lini afunue, tangawizi aikate nyembamba zaidi, mafuta ayangoje mpaka yatoe moshi. Marta alipeleka sahani.

Babu alikula taratibu, akamaliza, akanawa. Aliomba Baba aletwe barazani. Wakakaa, wote wawili wakitazama barabara.

"Siyo yule," alisema Babu.

Baba aligeuza shingo kumtazama.

"Huyu ni mzuri," aliendelea Babu. "Yule wa zamani alikuwa mzuri zaidi."

"Zaidi kiasi gani, tata?"

"Zaidi sana."

Baba alicheka, halafu akalia, na ni upande mmoja tu wa uso wake uliomtii. Babu alimfuta machozi kwa ncha ya shuka lake. Alilala kwetu siku hiyo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka ule wa mkungu wa ndizi.

Baada ya hapo marehemu aliishi mwaka mmoja na miezi michache. Alimfundisha Marta kutoka kwenye kiti chake, na Raudha alikuja mara kwa mara kujifunza sosi. Alikuwa na siku nzuri na siku za kiza. Siku za kiza aliomba mlango ufungwe, nasi tuliufunga, kwa sababu ni yeye aliyeomba. Tarehe 12 Novemba 1999 alipata kiharusi cha pili. Alifariki dunia Jumapili tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, Mama akiwa amemshika ule mkono wa kulia.

Marehemu ameacha baba yake mzazi, Mzee Anyosisye, mjane, Mama Keziya, watoto watatu, Stella, Aliko na Marta, mjukuu mmoja, na dada zake wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ushirika, majirani, na Bi Zuena pamoja na wanawake wenzake wa mjini ambao ndio waliopika msibani tangu Jumapili.

Kwenye karatasi hizi tulikuwa tumeandika kwamba kazi ya marehemu ilikuwa fundi umeme. Babu alisomewa kabla hazijapelekwa kuchapwa, akasema haijakamilika. Ametaka maneno haya yawe yake: Erasto mwanangu alikuwa mpishi.

Bwana ampokee, ampe pumziko lenye amani.