Nyuma ya Pazia la Magurudumu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, Matroni, Mwalimu wetu, ndugu wahitimu wa darasa la Kiingereza la kantini, wazazi, walezi na ndugu wageni waalikwa, hamjambo nyote. Kama nimemtaja mtu kabla ya mkubwa wake, au kama kuna mheshimiwa aliyehama kiti tangu nilipoingia, naomba radhi, kwa kuwa siwaoni. Nanyi hamnioni. Mnachokiona hapa jukwaani ni pazia la kijani lenye magurudumu, lile linalozungushwa kitanda mgonjwa anapooshwa wodini, na chini yake, kwa wenye macho makali, viatu vyangu vya shule.

Mgeni rasmi, najua umekuja kwenye sherehe, hukuja kuhutubiwa na kitambaa. Nimemsikia msaidizi wako akiuliza, "Huyo wa ndani ana nini?" na Anko Breki, dereva wa ambulensi, akamjibu, "Hana kitu, bosi. Huyo ndiye redio yetu." Basi naomba nieleze redio hiyo ilitoka wapi, kwa sababu hadithi ya pazia hili ndiyo hadithi ya darasa zima, na kwa sababu mwisho wa hotuba hii nina ahadi ya kutimiza. Niliyemwahidi amekaa mstari wa mbele, na kama namjua vizuri, sasa hivi ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Huyo ni mama yangu mdogo, aliyenilea tangu ninaota meno. Wengi wenu mnamjua kama mhudumu wa wodi ya wanaume, yule anayegeuza wagonjwa bila kuwaamsha. Lakini yeye alitaka kuwa muuguzi kamili. Chuo cha uuguzi kinafundisha kwa Kiingereza, na mlangoni pake kuna mtihani wa ufahamu: unasikiliza habari unajibu maswali, kisha unasoma habari unajibu maswali. Kusoma alipita. Kusikiliza alianguka. Akarudi tena, akapita kusoma, akaanguka kusikiliza. Na kanuni ya chuo ni kwamba mlango hubishwa mara tatu tu. Ya nne hakuna wa kufungua.

Aliangukaje, wakati darasani alikuwa hakosi? Hapo ndipo penye kisa.

Darasa lilikuwa kantini, jioni zamu ya mchana ikishatoka, meza zikinuka sabuni na masufuria yakigongana jikoni. Redio ya mazoezi ya kusikiliza ilikufa kabla darasa halijazaliwa. Wakajaribu simu ya Mwalimu, wakaitumbukiza ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, wakapata Kiingereza cha kutoka kisimani. Basi Mwalimu akaamua kusoma mwenyewe. Na jamani, walijibu. Swali la kwanza mikono juu, la pili mikono juu. Halafu wanakwenda kwenye mtihani wa kweli, wanarudi wameinamisha vichwa.

Mwalimu alikosa raha akitafuta sababu. Aliyeipata ni Anko Breki.

"Mwalimu, usikasirike," alisema. "Wewe ukisoma habari ya mlango, unatazama mlango. Ukisoma habari ya msiba, unashika kifua. Na likija jibu la swali, nyusi zako zinapanda. Sisi hatusikilizi Kiingereza. Tunasikiliza nyusi."

"Nyusi zangu?"

"Zinapanda hivi."

Mama Kantini, mpishi wetu, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, akaongeza kutoka dirisha la jikoni, "Na sikio la kushoto linatikisika kidogo."

Walicheka wote isipokuwa mama mdogo. Yeye alisema polepole, kama mtu aliyeoneshwa shimo aliloangukia mara mbili, "Kumbe. Kule kwenye mtihani ni kisanduku ukutani. Kisanduku hakina nyusi."

Mimi nilikuwa meza ya pembeni karibu na sinki, nafanya kazi za shule huku namsubiri turudi nyumbani. Shuleni nafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na lugha zote mbili, naomba nikiri mbele yenu, nazijua vizuri zaidi pasipokuwa na mtu. Bafuni nasoma kwa sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Nikisimamishwa mbele ya watu, koo linafunga kama duka lenye msiba.

Mama mdogo alizijua habari za bafuni. Akaninyooshea kidole. "Huyu anasoma. Tatizo lake ni kuonekana."

Nikasimama. Karatasi mkononi, mdomo wazi, sauti hakuna. Mtu akacheka, kisha akageuza kicheko kikohozi, na hicho kikohozi kikaniumiza zaidi ya kicheko. Nilikuwa tayari nimeshaokota begi langu pale Matroni, aliyekuja kunywa chai tu, alipoweka kikombe chini akatoka. Akarudi anasukuma pazia hili, gurudumu moja linalia kama panya.

"Ingia humo," aliniambia. "Nimekaa wodini hadi nywele zimebadilika rangi, na nimeona jambo moja: mtu akivutiwa pazia, ndipo anaposema."

Nikaingia. Nikaona kijani tu. Nikasoma.

Ndugu wageni, siku ile hakuna aliyepata hata swali moja. Waliokuwa hodari jana wakawa mabubu leo. "Mwambieni huyo wa ndani apunguze mwendo." "Arudie lile neno." "Ameshamaliza au anapumzika?" Mwalimu naye alikaa upande wao, amejifunika uso kwa gazeti ili nyusi zisimponyoke. Je, walikata tamaa? Walikata, jamani, tusidanganyane. Wiki hiyo viti vilipungua. Mama mdogo peke yake ndiye aliyesogeza kiti mbele, akafumba macho, akasema, "Anza upya, mwanangu."

Shida kubwa ilikuwa ya Anko Breki, na ndiyo ilikuwa shida ya wote. "Mimi nikikosa neno moja," alilalamika, "naganda pale pale nikilitafuta. Nikija kushtuka, habari imeshafika mwisho wa barabara."

Mwalimu akashusha gazeti. "Una mgonjwa garini, kofia yako imepeperuka dirishani. Unasimama kuiokota?"

"Nisimame na mgonjwa?"

"Basi hilo neno ndiyo kofia. Endesha."

Tangu jioni ile, mtu akikosa neno alinong'ona "kofia" akaendelea kusikiliza. Nikiwa humu ndani nilikuwa nasikia kofia huku, kofia kule, kofia mbili pamoja, kama niko mnadani. Kadiri siku zilivyokwenda kofia zikapungua. Siku niliyosoma habari nzima ya mwanamke aliyesahau mzigo kituo cha treni, na kantini ikakaa kimya hadi nukta ya mwisho, nilidhani wameondoka. Nikachungulia. Wote walikuwepo, wamefumba macho kama watu walio kwenye sala, na mikono ikaanza kupanda mmoja baada ya mwingine.

Na kusoma je? Mama Kantini alikuwa anasoma kwa kidole. Neno moja la Kiingereza alilibeba mpaka kwenye Kiswahili, akalitua, akarudi kuchukua la pili. Akifika mwisho wa aya, mwanzo umeshamwagika. Akaniomba niwe nasoma kwa sauti naye anafuata kwenye karatasi. Kidole kilikimbizana na sauti yangu, kikahema, kikaachwa. Jioni moja alikichomeka kwenye mfuko wa aproni akasema, "Pumzika na wewe," na kuanzia hapo macho yake yakaenda yenyewe. Masikio ndiyo yaliyoyavuta.

Sasa naomba nisimulie jioni moja ambayo sijawahi kuisimulia.

Siku hiyo shuleni nilisimamishwa kwenye mdahalo. Mnajua kilichotokea, duka lilifunga. Darasa zima likacheka, na safari hii hakuna aliyekigeuza kicheko kikohozi. Nilinawa uso vizuri kabla ya kuja kantini. Nikaingia nyuma ya pazia bila kuonana na mtu, nikasoma habari ya mzee anayeuza miavuli, sikukwama popote, nikajisifu moyoni. Mwalimu akauliza maswali. Mzee anakwenda wapi? Mama mdogo akanyoosha mkono, akajibu kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa neno: mzee anakwenda sokoni, na msomaji amelia leo.

Nikasikia viti vikigeuzwa kuelekea pazia.

"Hilo la pili halikuulizwa," Mwalimu alisema kwa upole.

"Halikuulizwa," mama mdogo alijibu, "lakini limo."

Ndugu zangu, nimefundishwa maana ya ufahamu tangu shule ya msingi. Nimepigia mistari, nimejaza nafasi zilizoachwa wazi, nimechagua jibu sahihi. Lakini maana yake niliipata jioni ile nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda: kuna mtu amekaa upande wa pili, hakuoni, na amekusikia mpaka chini.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani akaniambia, "Mimi nimeanguka mara mbili na wodi nzima inajua. Wagonjwa wananipa pole, mimi niliyekwenda kuwapa pole wao. Narudi kwenye mtihani. Nikianguka, tutakaa wote nyuma ya pazia, tutabanana. Nikipita, wewe unatoka. Mbele za watu. Sawa?"

"Mama mdogo, hayo si mambo sawa."

"Ndiyo maana nakuuliza, sijakuamuru."

Nikasema sawa. Na kuanzia hapo nikawa naomba mambo mawili yasiyokaa nyumba moja: apite, na siku hii isifike.

Mheshimiwa mgeni rasmi, siku ya mtihani mimi sikuwepo, lakini Mama Kantini amenisimulia mpaka naiota. Kisanduku kilikoroma ukutani, na watu kutoka madarasa mengine wakanyanyua vichwa kukitazama kama vile kitafungua mdomo. Wetu wakainamisha vichwa, wakafumba macho, safu nzima. Msimamizi kijana akamwendea mama mdogo mbiombio, akamwinamia.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nasikiliza. Nawe nisaidie kunyamaza."

Majibu yakatoka. Mama mdogo amepita kusikiliza, amepita kusoma, na chuo kimempa nafasi. Mama Kantini amepita. Wale waliokuwa wamehama viti wakarudi, wamepita. Leo mnawaona wamevaa majoho ya kuazima, mengine yanaburuza, na hakuna hata mmoja anayejali. Siku Mwalimu alipoyasoma majina, nyusi zake zilipanda mpaka zikakaribia kupotea, na safari hiyo tulimruhusu.

Anko Breki kasoro kidogo. Kusikiliza amepata alama za juu kuliko wote, kusoma kumemwangusha. Aliniambia nisimfiche. "Waambie hiyo ni kofia tu," alisema. "Naendesha." Jumatatu anaanza tena, na ameomba pazia lisirudishwe wodini kwa sababu, eti, yeye ndiye fundi wa gurudumu lake.

Lakini nani atakaa nyuma ya pazia mimi nikishatoka? Hilo ndilo limenikosesha usingizi, pamoja na jingine. Chuo kiko mbali. Mtihani niliousomea kwa sauti mpaka nikapwelewa sauti ndio unaomchukua mama yangu mdogo, mwezi ujao, na mimi nabaki na bibi. Mtu anaweza kufurahi na kuumia kwa pumzi moja? Naona anaweza. Jana nilimuuliza tutaongeaje. Akanitazama kama vile sijui hesabu ndogo.

"Si simu ipo? Sauti bila uso. Nani kati yetu asiyeweza?"

Basi nawashukuru. Matroni, asante kwa pazia, na asante kwa kutonivuta nje yake hata siku moja. Mwalimu, umekubali kujifunika gazeti mbele ya wanafunzi wako ili wapite. Ni walimu wangapi wangekubali? Daktari Mkuu, asante kwa kantini, na kwa kujifanya huoni kwamba kitanda kimoja wodini hakikuwa na pazia kila jioni. Wahitimu, mlinifundisha zaidi ya nilichowasomea. Mlinisikiliza kabla hamjaniona, na mpaka sasa sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Imebaki ile ahadi, na waliotutangulia walishasema ahadi ni deni.

Mniwie radhi, nalisukuma pazia, na hili gurudumu mnalisikia wenyewe. Anko Breki, ulisema umelitia grisi. Hivyo. Kidogo tena. Hivyo.

Nawaona.

Kumbe mko wengi hivi. Mgeni rasmi na nyote, hamjambo tena, safari hii nawatazama. Bibi, nakuona. Mwalimu, shusha nyusi. Na wewe mstari wa mbele, mwenye mkoba, mbona umefumba macho? Mtihani umekwisha, mama mdogo. Fumbua. Ni mimi, nimetoka.

Asanteni kwa kunisikiliza siku zote zile, na leo asanteni kwa kunitazama.