Rosina Kanze Kalama, 1958–2025: Mfugaji Aliyewaonea Wivu Kondoo wa Jirani

Tuliyekuja kumsindikiza leo ni Rosina Kanze Kalama, binti wa Mzee Kahindi, mke wa marehemu Kalama Gunga, mama wa Kaingu, Winfred na Kadii. Siku chache kabla hajafumba macho alimwagiza binti yake Winfred jambo moja kuhusu maneno haya: yasimfanye malaika. “Semeni nilikuwa na wivu,” alisema. “Garsen nzima inajua. Mkificha, watu watacheka juu ya kaburi langu.” Basi familia imekubaliana yasemwe kama alivyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Marafa, akiwa mtoto wa nne katika nyumba ya Mzee Kahindi. Mwaka 1965 babake alifuata ardhi yenye maji, akaihamishia familia kwenye delta ya Tana, karibu na Chara. Walikuja na mbegu za mahindi, kuku, na kondoo wachache wekundu wa Kimaasai ambao mzee aliwapata kwa mchuuzi wa mifugo aliyetoka bara. Walikuwa kondoo wadogo, wenye manyoya mafupi kama ya mbuzi, na hakuna aliyewasifu. Hata hivyo, kaka yake alipopewa jike mwenye mimba awe wake, Kanze aligoma kula. Mamake alimbembeleza, babake akamkaripia, lakini sahani ilibaki vilevile. Mwishowe mzee alikwenda zizini akamshika jike mwingine, akamkata alama kwenye sikio la kushoto, akasema, “Huyu ni wako. Sasa kula, usije ukafa kwa ajili ya kondoo.” Kizazi cha jike yule kilibeba alama hiyo hiyo ya kukatwa sikio miaka yote iliyofuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973 na kufaulu vizuri. Mwaka 1971 alibatizwa na kupewa jina la Rosina. Kusonga mbele hakukuwezekana, kwa kuwa karo ilitosha mtoto mmoja na mtoto huyo alikuwa wa kiume. Kanze alirudi malishoni. Asubuhi moja, akiwa na kondoo kando ya barabara, aliona wenzake wakipanda basi na masanduku yao ya chuma kwenda shule ya bweni. Aligeuka akatazama upande mwingine mpaka vumbi lilipotulia. Maumivu hayo hakuyasahau, na ndiyo maana binti zake wote wawili walimaliza kidato cha nne, hata mwaka ambao zizi lilibaki karibu tupu.

Jumamosi ya tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani na Kalama Gunga, mkulima wa mahindi na mpunga, mtu mpole asiyepima maneno yake. Kalama alipanda, Kanze akafuga. Ng'ambo ya mkondo mkavu, upande wa nyika, waliishi majirani Waorma, na miongoni mwao alikuwapo Kaltuma Dukicha, mama yake Mukhtar. Kaltuma alikuwa na kondoo weupe wenye vichwa vyeusi ti na makalio yaliyojaa mafuta, wale wanaojua kutembea mwendo mrefu na kuvumilia jua. Kwa miaka mingi wanawake hawa wawili walisalimiana vizuri, wakaazimana majembe na ndoo. Kisha ikaja Idd ya mwaka 2003.

Kalama alialikwa kwa kina Kaltuma siku hiyo. Alirudi jioni akiwa ameshiba, akaketi, akapumua kwa raha.

“Mama Kaingu,” alimwambia mkewe, “leo nimekula nyama. Mwana-kondoo wa miezi minane, laini, unatafuna na meno hayana habari.”

“Na hii unayokula hapa kila Krismasi ni nini?”

“Hii? Hii nayo ni nyama,” alisema Kalama.

Kisha akalala usingizi mzuri. Kanze hakupata usingizi. Kuanzia siku hiyo kila alipopita ng'ambo jicho lake lilikwenda kwenye makalio ya kondoo wa Kaltuma, na kila alipoyaona roho ilimuuma kama jino bovu. Wanunuzi kutoka Malindi walipofika, aliangalia walianza kwa nani. Aliposikia Kaltuma akicheka, aliamini anachekwa yeye.

Mwaka 2005 alisikia habari za Dorper, kondoo wa nyama mwenye mgongo mpana na mapaja mazito, ambaye mwanawe hukua haraka kuliko wote. Aliwapeleka kondoo wake wekundu karibu wote mnadani Garsen, akauza, akasafiri hadi Taita akarudi na dume mmoja na majike wanne. Kalama alimwuliza wekundu wa babake walikuwa na kosa gani. “Kosa lao ni udogo,” alijibu. Wana-kondoo wa kwanza walipozaliwa waliumuka kama maandazi. Athman, mwenye bucha pale Garsen, alichinja mmoja, akamwita aje aone mwenyewe. “Wale wa Mama Mukhtar mafuta yote yako nyuma,” alimwambia. “Wako, nyama imetawanyika vizuri, pajani na mgongoni.” Marehemu alisimulia maneno hayo kanisani, kisimani, na kwenye foleni ya kusaga unga. Alihakikisha pia yanavuka mkondo.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua zilinyesha hadi mto ukavunja kingo zake. Nyasi zilijaa maji, na minyoo nayo ikajaa kwenye nyasi. Dorper wake walianza kuvimba chini ya taya. Ukiwafunua kope, ndani kulikuwa kweupe kama karatasi, damu yote imenyonywa. Alinunua dawa, lakini alikuwa amechelewa. Wana-kondoo wale wanono walikufa mmoja mmoja, naye akawazika nyuma ya shamba la migomba ili Kaltuma asione. Waliobaki ni dume na majike wawili.

Maji yalipopungua alikwenda ng'ambo kutafuta kondoo aliyepotea. Pale, katikati ya wale vichwa vyeusi, aliona kondoo wekundu wakila bila wasiwasi, wana wao wakirukaruka. Mmoja alikuwa na sikio la kushoto lililokatwa.

“Hawa ni wangu!” alimpigia Kaltuma kelele.

“Walikuwa wako, Mama Kaingu. Uliwauza mnadani, nami nikawanunua kwa mchuuzi mchana kweupe.”

“Uliwanunua ili unicheke!”

“Niliwanunua kwa sababu minyoo haiwawezi. Marehemu baba yako aliniambia hivyo nikiwa mwari. Wewe hakukwambia?”

Hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko vyote: kwamba babake mzazi alimpa mwanamke mwingine maarifa ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo nyumbani akayadharau. Alirudi akilia kwa hasira, na kwa muda wa karibu miaka miwili wanawake hawa hawakusemezana. Wakikutana njiani, mmoja alikagua mawingu, mwingine akafunga upya kanga iliyokuwa imefungwa vizuri.

Ni Athman aliyevunja ukimya ule bila kukusudia. Siku moja ya mnada mwaka 2008 alimwambia Kanze, “Yule Mama Mukhtar ana nini na dume wako? Kila akija hapa ananiuliza kama bado yuko hai, kama ana afya, kama unamuuza.”

Kumbe Kanze naye anaonewa wivu! Waliokuwepo wanasema uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. Alikwenda nyumbani, akamwogesha dume yule kwa sabuni, akamfunga kamba mpya shingoni, akamtembeza polepole ng'ambo, mbele ya boma la Kaltuma, kana kwamba njia ya kwenda kisimani imehamia huko. Alipita, akarudi. Alipopita mara ya pili Kaltuma alitoka.

“Mama Kaingu, huyo mnyama atachoka.”

“Ana nguvu. Hachoki.”

“Namwona,” Kaltuma alisema. Kisha akashindwa kujizuia. “Wallahi nimemtamani tangu siku ya kwanza. Nilikuwa napita kwako nikijifanya natafuta kuni.”

“Nami nilikuwa natafuta kondoo aliyepotea hata siku ambazo hakuna aliyepotea.”

Walicheka, lakini hawakukumbatiana. Hawakuwa watu wa hivyo. Walipatana papo hapo: dume angekaa ng'ambo msimu mmoja, na Kanze angerudi na majike wawili wekundu, yule mwenye sikio lililokatwa akiwamo. Wana waliozaliwa kwa mchanganyiko ule walikuwa na mwili wa baba na tumbo la mama: wananona upesi, na mvua ikija hawaangushwi na minyoo kirahisi. Kaltuma naye alipata wana wenye miguu ya kutembea na mapaja ya kuuzwa. Tangu hapo nyama ya mwana-kondoo ya Garsen ilianza kuulizwa hadi Malindi, na kila mmoja wao alidai ni kwa sababu yake.

Marehemu aliwafundisha kina mama wengi wa kanisa na wa kijiji. Aliwaambia wasimchague dume kwa urefu bali wamguse mgongo na mapaja. Wamfunue kondoo kope kabla ya kumpa dawa. Mwana anyonye hadi afikishe miezi mitatu, auzwe kabla ya kutimiza mwaka, maana nyama ya kondoo mzee hata ukiichemsha kutwa haiwi nyama ya mwana-kondoo. Mwanafunzi wake yeyote akisifiwa kupita yeye, alinuna. Kaltuma aliposhinda kwenye maonyesho ya mifugo ya mwaka 2016, Kanze alirudi nyumbani kabla ya chakula, akasema kichwa kinamuuma. Wakati huo Kalama alikuwa amefariki, tangu Agosti 2014, na hakukuwa na mtu wa kumtania hadi acheke.

Lipo jambo moja ambalo marehemu mwenyewe alitaka lisemwe. Mafuriko ya mwaka 2018 yalipofunga barabara, Kaltuma alituma mtu kuomba dawa ya minyoo, kondoo wake wamelemewa na njia ya Garsen haipitiki. Kanze alikuwa na chupa nzima ndani. Alijibu kwamba hana. Alisema baadaye kwamba neno lile lilimtoka lenyewe, kama kikohozi, na kwamba kwa muda mfupi alifurahi. Asubuhi iliyofuata alimwona Kaltuma ng'ambo amebeba mwana-kondoo aliyekufa, amempakata kama mtoto mchanga, anatafuta pakavu pa kumzika. Kanze aliikumbuka migomba yake. Alichukua chupa, akavuka maji yaliyomfika magotini, akaingia zizini kwa Kaltuma bila hodi, akaanza kuwanywesha kondoo mmoja mmoja kwa mkono wake.

Kaltuma aliitazama ile chupa. “Jana ilikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Na jana wewe ulikuwa na nini?”

“Wivu,” Kanze alijibu. “Nishikie huyu.”

Kaltuma alimshika. Wana-kondoo watatu walikufa, wengine wote wakapona. Mama huyu wa Kiorma hakumwambia mtu yeyote habari za chupa ile. Kanze ndiye aliyezisema, mbele ya mkutano wa kina mama, akasimama na kuomba msamaha.

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakagundua kwamba figo zake zimechoka. Alisafishwa damu katika hospitali moja mjini Malindi, akisindikizwa na Winfred. Kaltuma alipanda basi Garsen mara nyingi kwenda kumwona, chupa ya mchuzi wa kondoo ikiwa imeviringishwa shuka mapajani.

“Hauna ladha,” mgonjwa alisema siku moja baada ya kuonja.

“Sikutia chumvi. Daktari amekukataza.”

“Kondoo wa kwako au wa kwangu?”

“Wa kwangu.”

“Ndiyo maana hauna ladha,” alisema Kanze, akaunywa wote.

Mwezi Mei mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Jioni ya Jumatatu tarehe 16 Juni alitaka atolewe barazani. Kondoo wa Kaltuma walikuwa wakirudi ng'ambo, naye aliwatazama mpaka wa mwisho. “Wamenona kuliko wetu,” alisema, na uso wake ukakunjamana ule ule mkunjamano tuliouzoea. Kisha akamgeukia binti yake. “Winfred, kesho wapeleke wetu kule kwenye majani mapya.” Winfred aliwapeleka. Aliporudi saa tano asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, mamake alikuwa amepumua mara ya mwisho, Kadii amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mwana mmoja, Kaingu Kalama, na mabinti wawili, Winfred na Kadii, wakwe, wajukuu tisa, mkubwa wao akiwa Cynthia, na kaka yake, ambaye amefika leo kutoka Wenje. Ameacha pia jirani yake Kaltuma Dukicha. Familia ilijadiliana aandikweje, wengine wakitaka rafiki, wengine dada. Kaltuma mwenyewe, aliyefika msibani na wana-kondoo wake watatu bora ili wageni wapate kula, ndiye aliyekata shauri. “Andikeni mpinzani wake,” alisema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. “Mkiandika rafiki, atadhani shindano limekwisha na mimi nimeshinda.”

Mungu ampokee mtumishi wake Rosina Kanze, na ampe pumziko lenye amani. Amina.