Mama Régine na Moto wa Kuomba

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mama Régine Mwape anakabidhi funguo za ofisi yetu ya kupokea wakimbizi hapa Lubumbashi, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Alianza kwa kupika chai, kisha akapewa kazi ya kuwatafutia wageni nyumba. Tangu hapo hakuna familia iliyopangishiwa nyumba bila yeye kwenda kwanza kuchungulia choo na kusalimia mtaa mzima. Dereva wetu Alphonse anajua: ukitoka na Mama Régine, uage nyumbani kabisa.

Tena hapendi viberiti. Kila mgeni hupewa jiko la mbabula, makaa, sufuria na unga wa bukari, yaani ugali, lakini kiberiti hapati. Hata Alphonse, mvuta sigara, amenyang'anywa vyake mara nyingi, eti aliviacha karibu na mizigo ya wageni.

Desturi hiyo ilitokana na kosa lake mwenyewe, na hulisimulia huku akicheka. Miaka ya mwanzo alimpeleka Concessa, mjane kutoka Burundi, na watoto wake kwenye nyumba ya kupanga mtaani Kasungami. Kwa huruma akawajazia kila kitu: maji, chumvi, kiberiti, mpaka sabuni. Akawaambia wakae kimya, wasisumbue mtu. Wakatii. Mlango ukafungwa kutwa, na mtaa ukaanza kusema, "Bale bantu banajiona sana." Maneno yakakua, wakaitwa wezi, na mwenye nyumba, Baba Casimir, akataka wawe wametoka ifikapo Jumamosi. Concessa hakuwa na pengine pa kulaza watoto.

Mama Régine alifika Ijumaa, roho juu. Hakwenda kwa Casimir. Alichukua kile kiberiti, akakitia mkobani, akamtuma Concessa kwa jirani, Mama Kapinga, akaombe moto. Concessa alikwenda. Mama Kapinga aliweka makaa mekundu juu ya kifuniko cha sufuria, kisha, akiogopa mgeni ataungua, akayabeba mwenyewe mpaka ndani. Huko akakuta maharagwe yanangoja moto na watoto wenye njaa kama wa kwake. Akaketi.

Jumamosi Baba Casimir alimkuta mlangoni, anachambua mboga na Concessa.

"Huyu mama iko jirani yangu," Mama Kapinga akamwambia. "Kama unamufukuza, ufukuze na miye."

Concessa bado anakaa Kasungami, na siku hizi wageni wapya huomba moto kwake.

Mama Régine, sasa ni zamu yako. Unarudi Kambove, kwenye nyumba ya wazazi wako, na juzi ulituambia polepole kwamba waliokujua pale wamehama au wamekufa, na kwamba unaogopa. Sisi nasi tunahuzunika kukuaga. Asante kwa kila mlango uliotufundisha kuubisha. Uishi vema, upumzike, uzeeke ukicheka. Zawadi yako imo ndani ya gari la Alphonse: mbabula mpya, gunia la makaa, unga na maharagwe.

Kiberiti hatukuweka.