Aliyeitika Namba Tatu

Mbele ya duka la Tuttle la matandiko ya farasi, mjini Corwin, palikuwa na benchi ambalo wazee walikuwa wamelilainisha kwa kulikalia tangu vita vya Marekani vya Kaskazini na Kusini vilipokwisha. Birika la kahawa lilichemkia ndani kwa Tuttle, na kila asubuhi, isipokuwa siku ya Bwana, wazee watatu walikunywa na kubishana. Walikuwa wa kikosi kimoja cha mizinga, vijana wa Corwin waliojitolea wenyewe bila kuburutwa na mtu. Kwa majina yao ya kikosini, Maharage alikuwa mpishi wao. Kwato aliwaendesha farasi waliokokota mzinga. Koplo alikuwa mkuu wa mzinga wa pili, na hadi leo alishika kikombe kama mtu anayengoja amri. Wa nne pale benchini, Josiah Penhallow, hakwenda vitani. Alikuwa shemasi wa kanisa, na alikaa mahali ambapo angekaa mwanawe Asahel, aliyeondoka na hao watatu asirudi.

Asubuhi hiyo hakugusa kahawa yake. Ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa mji, fundi mawe aliyeitwa Ruggles alikuwa anamalizia kuchonga majina ya wafu wa kikosi kwenye jiwe la ukumbusho. Alibakiza nafasi ya jina moja, na jana alimwuliza shemasi kwa upole: nichonge au nisichonge? Alitaka jibu kabla ya adhuhuri, maana kazi nyingine ilimngoja mji wa mbali. Josiah hakulala. Jina likichongwa, amemzika mwanawe. Lisipochongwa, amekubaliana na wale wanaonong'ona kwamba kijana alitoroka. Mkewe alikufa akiwa bado anamwekea Asahel sahani mezani.

Wenzake walijua, kwa hiyo walibishana kwa bidii kuliko siku zote. Maharage alisema Asahel yuko Texas, ana ng'ombe wengi, na haandiki barua kwa sababu ya kazi.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alimalizia.

— Huyo ni simba, Maharage. Sisi tunamzungumzia mtu aliyepotea mtoni, Kwato akamjibu.

Kwato alikuwa na lake. Siku Asahel alipopotea, kwenye kivuko cha Millard, walipoamriwa kurudi nyuma na kuvuka mto, farasi mmoja mwekundu alikata kamba akakimbilia upande wa adui. Asahel alimrukia amzuie, wakaenda wote. Adui walipoona jinsi anavyoujua mzinga, wakamfanya mwalimu wao. Baadaye aliona aibu kurudi, akavuka mpaka kwenda Kanada, na huko sasa anahubiri.

— Kwa Kifaransa, aliongeza.

— Asahel hata Kiingereza alikisema kwa shida, Maharage akasema. Akihubiri Kifaransa, basi mimi ni askofu.

Josiah alitabasamu kidogo. Aliwapenda kwa hadithi hizo. Katika kila moja mwanawe alikuwa anapumua.

— Ila mchelea mwana kulia hulia yeye, Maharage akasema, bila kufikiri.

Kwato alimkanyaga mguu. Maharage akaangalia ndani ya kikombe chake, masikio yamemwiva.

Ndipo Ruggles alipovuka barabara, vumbi la mawe limemjaa ndevuni. Alivua kofia, akapewa kahawa, akasimama. Hakumharakisha mtu. Koplo alimgeukia kama anayetoa taarifa kwa afisa.

— Mimi najua jambo moja tu, fundi. Hatukumwacha mtu kule mtoni. Kwenye mzinga hakuna majina. Kila mtu ana namba yake. Asahel alikuwa namba tatu, kazi yake kuziba tundu la baruti kwa kidole gumba wakati mwenzake anasafisha mtutu. Usiku ule, tulipokwisha kuvuka, niliita namba moja hadi saba. Zote ziliitika. Kwa hiyo alivuka. Kama aliondoka, aliondoka baadaye.

Josiah alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi. Ndiyo yaliyoubeba ule mnong'ono mjini, ingawa Koplo alidhani anamfariji.

— Na mtu wa namba fulani akianguka? Ruggles akauliza.

— Mwingine anaingia mahali pake. Anaichukua namba na kazi. Mzinga haungoji mtu.

— Basi aliyeitika namba tatu alikuwa nani?

Kwato akasema kulikuwa giza. Maharage akasema wote walikuwa wamekauka koo kwa moshi, sauti zote zilikuwa moja. Koplo aliweka kikombe chini.

— Shemasi, alisema hatimaye. Mimi niliisikia namba. Sikumwona mtu.

Josiah aliona moyoni ng'ambo ile ya mto, ambako hakuwahi kufika, na kijana amelala kwenye majani, akiwasikia wenzake wakiondoka na magurudumu ya mzinga. Hakuwa ametoroka. Hakukuwa na Texas. Alimwomba Mungu nguvu, kimoyomoyo, kwa maneno machache kama alivyozoea. Mungu humwita kila mtu kwa jina lake. Hilo alikuwa amewafundisha watoto wa kanisa miaka mingi.

— Eben, alisema. Hakuwa amewahi kumwita Koplo kwa jina lake. 

— Mwite mwanangu. Kama ulivyoita usiku ule, lakini mwite yeye.

Koplo alisimama, akavua kofia. Wengine wakasimama. Ndani ya duka nyundo ya Tuttle ikanyamaza.

— Asahel Penhallow.

Barabara ilikuwa tupu. Wote walimtazama shemasi, naye aliacha muda upite, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufika.

— Hayupo, Josiah akaitika.

Ruggles akavaa kofia yake, akavuka barabara kwenda kwenye jiwe kuchonga jina.