Kadi ya Watu Wawili

Masikio hayana mlango, ndiyo maana mkunga mstaafu aliyekaa kiti cha nyuma aliyasikia yote. Basi lilikuwa likiwapeleka wazee kwenye sherehe yao ya mtaa. Mbele yake, mama mmoja mshonaji alikuwa akiikunja na kuikunjua kadi ya mwaliko.

"Viongozi wa mtaa walipopita kuandikisha wazee waliniuliza naishi na nani," alimwambia fundi viatu aliyekaa naye, mtu asiyemjua. "Nikasema na mume wangu. Niliogopa wakijua niko peke yangu watanipeleka makao ya wazee. Sasa wameandika tutaitwa jukwaani wote wawili, tupewe zawadi ya ndoa ndefu."

"Naye hakutaka kuja?"

"Mwaka wa tatu huu yuko kaburini."

Fundi alikohoa. "Basi, dada yangu, nitasimama mimi. Koti ninalo."

"Yule alikuwa mrefu, wewe hunifikii hata begani!" Kicheko kilimponyoka. Mkunga alikijua kicheko cha namna ile, kinachomtoka mtu aliyebanwa na hofu. "Au nirudi nyumbani, ndugu yangu?"

"Ukazungumze na kuta? Waambie ukweli tu."

"Ukweli ndio utakaonihamisha."

Fundi alitoa leso safi mfukoni, akamwekea mapajani bila kumtazama usoni.

Basi likasimama. Mlangoni binti mwenye orodha alikuwa akimshika mkono kila mzee anayeshuka. Alipomfikia mshonaji alisoma kadi, akatabasamu, kisha akachungulia ndani.

"Karibu sana, bibi. Na babu yuko wapi?"