Hodi ya Mwenye Nyumba

Benchi la kona lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kubishana kwa nguvu. Jioni hiyo upande huo alikaa Fundi Pasi, kikombe cha kahawa mkononi, kapakata mkate uliofungwa gazetini. Mkewe na watoto walikuwa wamerudi juzi kutoka kwa bibi yao walikomaliza likizo yote. Yeye alibaki akitengeneza pasi za watu. Saa hizi alitakiwa awe kwake, mezani. Waziri, aliyepewa cheo hicho kwa kuwa hajawahi kukosa jibu, aliutazama ule mkate. Kocha, ambaye timu yake ilivunjika zamani akabaki na filimbi, naye akautazama.

— Mkate huo unapelekwa au unatembezwa? aliuliza Waziri.

— Nilikuwa naupeleka. Nimefika mlangoni, nikawasikia wanacheka ndani. Nikapiga hodi.

— Hodi? Kwako?

— Kwangu. Imenitoka tu mdomoni. Nikaona haya, nikageuza nikaja huku.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani, alisema Waziri.

— Mimi sikwenda popote.

— Ndiyo maana hujarudi! Wenzako walikwenda, wakarudi. Wewe bado.

Fundi hakucheka. Mwezi mzima alikula amesimama, sufuria mkononi, redio ikijisemea peke yake, huku akijipa moyo kwamba wakirudi nyumba itachangamka. Kweli imechangamka. Ila wanachekea vituko vya huko kwa bibi, na yeye akiuliza anaambiwa, "Ungekuwepo, baba!"

— Na yule kitinda mimba wangu, alisema, asubuhi kaniamkia. Shikamoo baba, kasimama kule, mikono nyuma. Zamani alikuwa ananirukia mgongoni. Imeniuma, jamani.

— Adabu hiyo, alisema Waziri.

— Adabu ya kuamkia wageni.

— Basi mgeni siku mbili, alidakia Kocha, kesho watakupa jembe! Ila tatizo lako ni kikosi. Wamecheza mwezi mzima bila wewe, wamezoeana. Wewe sasa ni wa akiba. Kaa nje utulie, mpaka mmoja wao aumie.

— Aumie nani? Ishia hapo hapo!

Waziri alishusha sauti.

— Kocha hajui kitu. Hebu sema, wanakula nini?

— Yule mdogo jana kala vitunguu. Alikuwa hagusi vitunguu.

— Umeona! Hao sio. Bibi ana shamba, kazi zimemzidi. Wenyewe kawabakiza, kakuletea wanaofanana nao. Mkeo je, anakoroma?

— Anakoroma.

— Basi mke ni yule yule. Haba na haba hujaza kibaba.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni wa mtaa, kashika pasi yenye waya uliokatika. Alikuwa amesikiliza vya kutosha.

— Samahani, baba. Ulipopiga hodi, nani aliitikia?

Waziri na Kocha waligeuka kumtazama.

— Sijui, alisema Fundi. Sikungoja.

— Kwa hiyo wamekuja kufungua, wasikute mtu?

Fundi aliinuka, benchi likayumba, Kocha akalishikilia. Fundi aliubana mkate kwapani, akaanza kutembea kama mtu mwenye heshima zake. Alipofika kwenye duka la vyerehani tayari alikuwa anakimbia. Kahawa yake ilibaki nusu, Waziri akaimalizia.

— Jamani, nimeelekezwa kwa fundi wa pasi, alisema yule mama. Ni yupi hapa?

— Ndiye huyo anayekimbia.

— Atarudi saa ngapi?

Waziri alichungulia ndani ya kikombe, hakukuta jibu.

— Leo asirudi, mama, alisema Kocha. Wewe acha tu pasi hapo.