Sababu Tulicheka Jana Ndani ya Sinema

Mugeni rasmi, Bwana Commandant Kalala,

KARIBU
Karibu sana, Papa! Leo tuko na furaha mpaka kukaa chini kunatushinda. Course ya kinga, ni kusema mbio ya baiskeli, kutoka hapa Butembo mpaka Beni, na ni munyi mutapiga filimbi ya kuanza!

Jana mangaribi, ndani ya salle ya paroisse, pale kanisani, tuliangalia pamoja filme ya mutoto wetu Muyisa, fundi wa kukimbiza kinga. Katikati ya filme, batu bote tuligeuza kichwa kwenye mulango, tukacheka. Papa, mukauliza: "Mbona munacheka?" Tukageukia filme tena. Mutusamehe, ilikuwa haya. Bamama banauzisha biazi sokoni balinituma mimi, Marie-Jeanne Kaswera, nijibu leo.

HISTORIA
Kwenye sikukuu ya Indépendance, 1960, Muyisa alikimbia na kinga ya baba yake akashinda bakubwa bote. Zawadi ikakuwa kinga mupya, nyekundu. Mama yake, Virginie, akashonea kiti kifuniko cha nyuzi za bleu na manjano.

Tangu pale Muyisa alikuwa anatubebea biazi toka Lubero. 1963 mabwana ba sinema bakamuona kwenye mulima, na gunia nyuma, anapita camion yao. Anapita camion! Bakashuka mbio, bakatoa machine ya kukamata picha. Ndiyo filme ya jana.

MAMBO TULIYOFANYA
1964 ba rebelle, wale waasi, baliingia, bakakamata kila kinga. Muyisa akafungua yake kipande kwa kipande, sisi tukaificha chini ya biazi. Virginie alibeba kiti. Mwenzetu Clémence alibeba chaîne, munyororo wake. Mimi nilibeba kengele, nikaijaza kitambaa isilie. Kwenye barrière yao ya barabarani bakauliza:

"Mama, kitu gani ndani?"

"Biazi, mwanangu. Unataka nikupikie?"

Hawakupata hata boulon moja!

Halafu jeshi yenu ikakuja kutuokoa. Vigelegele! Tukatoa bipande byote, Muyisa akaunganisha pale pale barabarani, apate kuwapokea vizuri. Askari mumoja akamuambia: "Kijana, lete nijaribu kidogo."

Mpaka leo anajaribu.

SHIDA
Shida hatuna mingi. Muyisa anafanya mazoezi na miguu tu. Na jana, kiti cha bleu na manjano kilipotokea kwenye shuka ya filme, kikubwa namna ile, tuligeuka sababu kiti kile kile kilikuwa pale mulangoni, kwenye kinga ya planton wenu, yule askari wa kupeleka barua zenu.

Hatusemi aliiba, hapana! Anaitunza vizuri, hata mafuta alitia. Aksanti kwake.

OMBI
Mabwana ba sinema balirudi kumaliza filme. Mwenye kushinda leo atapanda ndege mpaka Léopoldville, akimbie kwa jina ya Congo muzima. Muyisa asipokimbia leo, filme itaisha na mutu mwingine, na yeye atabakia kijana wa jana.

Mumuangalie, iko pale kwenye mustari. Kaptula iko, kofia iko, mikono mitupu. Kinga iko nyuma yenu, kwenye ukuta.

Barabara hatuombi leo, dispensaire ya dawa hatuombi. Tunaomba kinga. Kama kuirudisha nzima ni kazi ngumu, mutupe hata bipande. Kila mama anakijua chake, na tutaunganisha mbele ya filimbi kulia.

Bwana Commandant, ba rebelle tuliwaficha kinga hii. Munyi tuliwaonyesha sisi wenyewe, sababu tulisema, bale ni batoto betu.

Mungu abariki filimbi yenu. Abariki mapafu ya Muyisa kwenye milima yote mpaka Beni. Abariki pia miguu ya planton, maana kuanzia leo atatembea.

Ni sisi,
Bamama Banauzisha Biazi,
Soko ya Butembo, 1965